Mwalimu Tano Anaondoka Chumba cha Maneno

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa nane mchana, kituo chetu kitamuaga mwalimu aliyekitumikia kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Jina lake kamili liko kwenye barua ya kustaafu, lakini hapa kazini lilisahaulika kitambo. Wazazi, wapishi, walinzi, hata wakaguzi wanaokuja wamekunja sura, wote humwita Mwalimu Tano.

Mimi ninayeandika ni karani wa kumbukumbu. Meza yangu inatazamana na mlango wa Chumba cha Maneno, anakofundishia, na nimemwona akiingia na kutoka kwa miaka kumi na minne. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa mzazi tu, nikiketi kwenye benchi lililo nje ya mlango huo huo na kumsubiri mwanangu. Mkurugenzi alipoona sikosi hata siku moja, na kwamba nina mwandiko unaosomeka, alinipa kazi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kalamu hii imeshikwa na nani.

Mwalimu Tano alianza hapa kama msaidizi wa darasa. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafunga watoto kamba za viatu, kuwafuta pua na kuwazuia wasitoke getini. Kituo kilikuwa na vyumba viwili na kabati moja la biskuti. Siku hizo watoto wenye usonji walioletwa bila maneno walihesabiwa kuwa hawana maneno, yakaishia hapo. Walilishwa, wakaogeshwa, wakarudishwa kwao jioni. Msaidizi huyu kijana akaona jambo ambalo wakubwa wake hawakuliona. Mtoto mmoja alikuwa akisimama mbele ya kabati, na kila aliposimama mtu alilifungua akampa biskuti. Akauliza kwenye kikao: huyu atasema kwa sababu gani, ikiwa kabati linafunguka bila kusema? Wenzake walicheka, lakini mkurugenzi wa wakati huo hakucheka. Alimpeleka mafunzoni miezi tisa.

Alirudi na njia ambayo leo tunaifuata sote, ya kufundisha lugha kama tabia. Ukimsikiliza akiwaeleza wazazi, si jambo la kutisha. Neno ni tendo, kama kunyoosha mkono, na mtu hurudia tendo linalomletea kitu. Kwa hiyo huanzi na majina ya rangi wala siku za wiki. Unaanza na kile anachokitaka mtoto. Unakishika mahali anapokiona, kisha unangoja. Unahesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Akikaa kimya unamsaidia kwa sauti ya kwanza ya neno, na siku za mwanzo unapokea chochote kinachokaribia. Akishasema, unampa papo hapo. Ukichelewa hata kidogo, alikuwa akituambia, mtoto atadhani amelipwa kwa kukuna pua. Siku zinavyokwenda unapunguza msaada, hadi usiwepo kabisa.

Jina lake lilitoka kwenye huo mngojo wa tano. Yeye huhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, akikunja kimoja kimoja, na wazazi waliokaa nyuma yake chumbani ndio waliomwita hivyo kwanza. Nimeona wasaidizi wengi wakishindwa kufika hata tatu. Inauma kumwona mtoto anatafuta neno na wewe unalo. Mwalimu Tano hakuwahi kuishia nne.

Alirudi pia na mambo ambayo baadaye aliyaacha. Alikuwa amefundishwa kuwashika watoto mikono wasiipepee hewani, na kuwageuza nyuso kwa lazima wamtazame. Alifanya hivyo mwaka mzima. Kisha akaacha, akawaita wazazi mmoja mmoja na kuwaomba radhi. Alisema mikono ile haikuwa imemkosea mtu yeyote. Sijui walimu wangapi hukiri hadharani kwamba walikosea, lakini yeye alifanya hivyo, na halikuwa kosa lake la mwisho kulikiri.

Wengi watamkumbuka kwa aproni yake yenye mifuko saba. Humo kulikuwa na puto, chupa ya mapovu ya sabuni, unyoya, kipande cha zipu, tochi ndogo, filimbi na biskuti zilizovunjika. Mzee wake, yaani mumewe, ni fundi saa, mtu wa utani mwingi, na kwenye sherehe zetu za mwisho wa mwaka alikuwa akilalamika mbele ya wote kwamba nyumbani kwake chai haiji mpaka aitaje kwa jina, aseme na sukari vijiko vingapi, na akikosea anasubirishwa. Mwalimu Tano alikuwa akimjibu kwamba angalau sasa anaongea.

Wengine watamkumbuka kwa kisa cha binti tuliyekuja kumwita Fungua. Neno lake la kwanza lilikuwa hilo, alilipata kwenye chupa ya mapovu, na Mwalimu Tano akatoa amri kwa kituo kizima: popote binti huyu atakaposema fungua, chochote atakachokielekea kifunguliwe. Mlinzi wetu tunayemwita Kamanda alifungua geti mara arobaini na mbili siku ya kwanza, akilifunga kila mara kwa komeo na kufuli kama kanuni inavyotaka. Jioni alikuja ofisini kwangu akauliza kama neno la pili la huyo mtoto linaweza kuwa funga.

Kazi yangu mimi ilikuwa karatasi. Kila mtoto ana karatasi yake ya wiki: neno upande wa kushoto, siku upande wa juu, na alama katikati. Jumlisha ni mtoto aliyesema mwenyewe. Herufi M ni aliyesema kwa msaada. Sifuri ni aliyekaa kimya. Mwalimu Tano alikuwa mkali mno na karatasi hizo. Hakuna kujaza usichokiona kwa macho yako, na aliyeona anatia sahihi. Jumlisha mpya haikubaliwi mpaka umejibu maswali yake, na zilizokubaliwa husomwa mbele ya wafanyakazi wote kila Ijumaa mchana, hata kama ni moja tu. Zipo Ijumaa nyingi zilizokuwa na moja tu.

Sasa nimefika kwa mwanangu.

Alikuja hapa akiwa na miaka minne, hana neno. Wafanyakazi walimpa jina Bosi, kwa sababu alikuwa akiingia kila chumba mikono nyuma, anakagua swichi za taa moja baada ya nyingine, kisha anatoka bila kumsalimia mtu. Nami nikawa Baba Bosi, hadi leo. Alichokipenda kuliko vyote ni tochi. Mwanga ukicheza ukutani alicheka kicheko cha ndani, kama mtu aliyekumbushwa jambo la zamani. Mwalimu Tano aliishika tochi ile mbele yake kwa miezi saba. Nilikuwa kwenye benchi siku aliposema "to". Nilimsikia kupitia mlango. Kisha nikasikia mwalimu akipiga makofi, na mwanga ukapita chini ya mlango hadi kwenye viatu vyangu.

Alikuwa mpigaji makofi hodari siku hizo. Wageni waliosimama uani walijua mtoto amesema, hata kabla hatujawaambia.

Alipofikisha miaka minane Bosi alikuwa na maneno thelathini na moja ya kuomba vitu. Lakini aliyasema kwa mwalimu wake tu, ndani ya chumba kile tu, na kitu kikiwa kimeshikwa mbele yake. Nyumbani hakusema. Mama yake alinunua tochi ya namna ile ile, akaishika kama alivyoonyeshwa, akahesabu hadi tano, hadi kumi, hadi machozi. Mtoto alimvuta mkono tu. Mama yake aliwahi kuniambia, kwa uchungu, kwamba labda huyo mwalimu ndiye mama yake wa kweli, yeye ni wa kufua nguo. Maneno hayo yalimfikia Mwalimu Tano, na Jumamosi iliyofuata alikuja kwetu na aproni yake. Alikuja Jumamosi nyingi baada ya hapo. Alikuwa ameandika ndani ya jalada la faili ya Bosi lengo lake, kwa penseli: aombe kwa mtu mgeni, mahali pageni, kitu kisichoonekana. Alisema siku hiyo ikifika, atajua mtoto ana neno lake mwenyewe, hakuliazima tu.

Wiki ninayotaka kuieleza ni ya miaka kumi na moja iliyopita. Jumatatu Bosi aliingia chumbani akakaa. Hakukagua swichi. Mtoto ambaye hakuwahi kukaa kitini zaidi ya dakika sita alikaa ishirini. Jumanne alikaa zaidi. Jumatano alikaa kipindi chote, dakika arobaini, mikono juu ya meza, ametulia. Kwenye karatasi zetu kulikuwa na safu iliyoandikwa Amekaa vizuri, na kwa mara ya kwanza safu yake ilipata alama tatu mfululizo.

Lakini hakuomba kitu. Tochi ilishikwa mbele yake, sifuri. Sifuri tena. Katika kazi hii, mtoto akiacha kuomba, jambo la kwanza kushuku ni zawadi. Tunasema imechuja, mtoto ameizoea. Tulikaa kikao kifupi na wote tukakubaliana hivyo, na mimi nilikuwa kwenye kikao hicho. Basi siku tatu zile mwalimu alipitia mifuko yote saba. Puto, sifuri. Mapovu, sifuri. Jumatano nilitoka mchana nikaenda dukani, nikanunua mpira unaowaka taa ukigonga chini, nikampelekea mwalimu mwenyewe. Bosi aliutazama ukiruka hadi ukasimama. Kisha akalaza shavu mezani.

Nyumbani tulikuwa tumemwona akilala sakafuni, kwenye korido, ambako saruji ni baridi. Mama yake alisema amechoka. Mimi nilisema ni joto.

Mwisho wa kipindi cha Jumatano Mwalimu Tano alimsifu kwa kukaa kwake. Alimpigia makofi, na msaidizi wake akapiga, na mimi mlangoni nikapiga.

Alhamisi asubuhi alitapika, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na kwamba mtoto amekuwa na maumivu makali kwa siku kadhaa. Alituuliza kama hakulalamika. Walimpasua mchana ule ule. Ijumaa kabla ya adhuhuri alifariki.

Siku ya nne baada ya mazishi Mwalimu Tano alikuja nyumbani. Hakuwa na aproni. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, na alilosema lilikuwa moja.

"Nilimpigia makofi, Baba Bosi."

Sikumjibu. Alilia, akamsalimia mama Bosi, akaondoka. Nitarudi kwenye ukimya huo, kwa sababu kilikuwepo kitu ambacho ningeweza kumpa siku ile, nacho nilikuwa nacho mdomoni, nikakimeza.

Kila mtu alidhani ataacha kazi. Alirudi Jumatatu. Jambo la kwanza alifuta safu ya Amekaa vizuri kwenye karatasi zote, na akaniomba niichape upya fomu bila safu hiyo. Jambo la pili alibandika karatasi juu ya swichi ya taa, pale Bosi alipozoea kuanzia ukaguzi wake. Bado ipo, imekuwa ya njano: Mtoto akitulia ghafla, uliza mwili wake kabla hujamsifu. Na hajapiga makofi tena. Mtoto akisema, humpa kitu chake, humshika bega, na chumba hubaki kimya. Wafanyakazi wapya hudhani ndiyo kanuni ya njia yenyewe. Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Kisha akaanza somo ambalo halikuwa kwenye mafunzo yake ya miezi tisa. Alisema tumewapa watoto hawa maneno ya kuomba puto na biskuti, lakini hatujampa hata mmoja neno la kusema inauma. Tatizo ni kwamba maumivu hayashikwi mbele ya mtoto kama tochi. Yako ndani yake, mwalimu hayaoni, na hakuna mwenye haki ya kumletea mtoto maumivu ili amfundishe. Kwa hiyo akaamua kuyangoja yaje yenyewe. Mtoto akianguka uani, akijikwaa, akijibana kidole mlangoni, aliye karibu afike mbio, aguse palipoumia, aseme inauma, asubiri, mtoto akitoa sauti yoyote ambembeleze papo hapo. Faraja ndiyo iwe zawadi. Baada ya hapo anisimulie mimi, niandike.

Ilikuwa kazi ya polepole isiyo na mfano. Wiki nzima inaweza kupita bila mtoto kuanguka, na mwalimu anayefundisha kwa ajali hawezi kuomba ajali. Nilimwona akikimbia kuvuka ua, mama wa miaka hamsini na ushee, daftari mkononi, kuelekea goti lililochubuka. Kamanda alimpa jina la Ambulensi. Siku ya chanjo alikuwa hapa kabla ya manesi. Kinyozi aliyekuwa akija kila mwezi alichoshwa naye, kwa sababu alimsimamisha kila mashine ilipovuta nywele. Mwaka wa kwanza karatasi zilijaa sifuri na M. Mwaka wa pili pia. Mkurugenzi mpya aliuliza kwa upole kama somo hili lina faida. Mwalimu Tano alimjibu kwamba hajui, na akaendelea.

Katika mwaka wa tatu, Fungua, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alimwendea Kamanda getini asubuhi. Kamanda akashika funguo, kama kawaida. Lakini binti hakulitazama geti. Alishika taya lake na kusema, "Inauma." Kamanda alimchukua mkono na kumleta ndani mbio, na geti likabaki wazi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Daktari wa meno alikuta usaha chini ya jino. Alisema jino lingeachwa siku chache zaidi, usaha ungepanda kichwani.

Mwalimu Tano alimsimamisha Kamanda mbele ya meza yangu na kumhoji kama hakimu. Nani aliona? Ulikuwa umemgusa taya? Ulimtangulia kusema? Kamanda alijibu yote huku kofia iko kifuani. Nikaandika jumlisha, Kamanda akatia sahihi, na sahihi ile imejaa visanduku vitatu. Mwalimu alitoka akaenda kukaa kwenye benchi la nje, mahali pangu pa zamani, hadi kengele ya chakula. Ijumaa niliposoma jumlisha ile watu walishangilia sana. Yeye aliweka mikono mapajani.

Tangu siku hiyo watoto wengi wamesema inauma: sikio, koo, mguu, tumbo. Vituo vingine vimetuma walimu wao kuja kujifunza. Somo hilo sasa lina fomu yake, na kwenye fomu hakuna jina la mtu, kwa sababu alikataa somo liitwe lake au la Bosi.

Mwezi uliopita mkurugenzi aliitisha kikao cha zawadi ya kustaafu. Mapendekezo yalikuwa mengi: sofa, friji, saa ya ukutani, ambayo mzee wake aliipinga kwa simu akisema nyumbani kuna saa themanini na hakuna inayokubaliana na mwenzake. Mwishoni mkurugenzi akamuuliza mwenyewe anataka nini. Alisema anaomba karatasi moja kutoka stoo ya kumbukumbu, ile ya wiki ya mwisho ya Bosi. Watu walitazama sakafu, kisha wakanitazama mimi.

Niliitafuta nikaipata. Jumatatu, Jumanne, Jumatano: sifuri, sifuri, sifuri, na alama tatu za Amekaa vizuri. Alhamisi ni nyeupe. Nikaelewa kwamba anataka kwenda nayo nyumbani na kuitazama miaka yote iliyobaki. Na nikaelewa kwamba mimi ndiye nitakayempa, ikiwa hivyo, pungufu, kwa mkono wangu.

Pungufu, kwa sababu Alhamisi ile haikuwa nyeupe. Kabla hawajampeleka kupasuliwa, Bosi alikuwa kitandani wodini, mimi upande huu, mama yake upande ule. Nesi alikuja kupima joto la mwili. Hatukumjua, naye hakutujua. Mwanangu alimtazama usoni, akasema, "Tochi." Neno zima. Yule nesi alicheka, akamuuliza, "Umejuaje ninayo?" Akatoa mfukoni tochi ndogo ya kuangalizia macho, akamwekea kiganjani. Bosi aliimulika dari hadi walipokuja na machela.

Mtu mgeni, mahali pageni, kitu kisichoonekana. Hata katika saa ile niliyakumbuka maneno ya penseli, kwa sababu nilikuwa karani. Mama yake aliniuliza mara nyingi kama nimemwambia mwalimu, nikasema bado. Mwisho aliacha kuuliza. Mwanzoni nilikuwa sina sauti. Lakini si hilo peke yake, na katika kituo hiki hatujazi tusichokiona, basi nitajaza nilichokiona ndani yangu: nilitaka awe na mzigo kama wangu. Baadaye nilipotaka kumtua, miaka ilikuwa imeshapita na niliona aibu.

Jumanne ya wiki hii, alipomaliza kipindi chake cha mwisho, nilivuka korido nikaingia Chumba cha Maneno na karatasi ile. Alikuwa akitoa vitu kwenye mifuko ya aproni na kuvipanga mezani. Nilimweleza yote, nimesimama. Alisikiliza, na nilipomaliza alinihoji kama alivyomhoji Kamanda.

"Nani aliona?"

"Mimi na mama yake."

"Tochi ilikuwa inaonekana?"

"Hapana. Ilikuwa mfukoni mwa nesi."

"Ulimtangulia? Hata kwa midomo?"

"Hata kwa midomo, Mwalimu."

Mkono wake ulikuwa nyuma ya mgongo. Niliviona vidole vikikunjwa kwenye kioo cha dirisha. Vilifika tano, vikaanza tena.

"Miaka kumi na moja, Baba Bosi," alisema.

Nilimwomba anisamehe. Hilo hakulijibu, na sikumdai jibu. Aliivuta karatasi karibu, akauliza kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeogopa swali lake.

"Nesi alimpa papo hapo?"

"Papo hapo."

Aliniwekea kalamu mbele. Nikaandika kwenye Alhamisi: tochi, jumlisha, na mahali pa aliyeona nikatia sahihi yangu, baba yake. Aliisoma mara mbili. Viganja vyake vilisogeleana juu ya meza, vikakaribia kugusana, akavitenganisha na kuikunja karatasi. Aliitia kwenye mfuko wa tochi. Tulifunga madirisha pamoja.

Kwa kanuni yake mwenyewe, jumlisha mpya husomwa Ijumaa mbele ya wote. Ijumaa hii itasomwa hiyo moja tu, na nitaisoma mimi. Fungua atakuwepo, na wazazi wake. Kamanda ameomba ruhusa ya kuacha geti.

Mwalimu Tano, kituo kinakushukuru kwa kila neno uliloling'oa kwenye ukimya, na kwa kukubali mbele yetu pale ulipokosea. Mimi na mama Bosi tunakushukuru kwa maneno thelathini na moja, na kwa lile moja aliloondoka nalo. Nenda kapumzike na mzee wako, mnywe chai inayokuja bila kuombwa. Tunakutakia afya na siku nyingi. Nasi tutakuwa tunapiga simu. Ukitulia ghafla, hatutakusifu. Tutakuja kukuuliza panauma wapi.